Kwasa iliyojificha ndani ya Cygnus A

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na swali lako nimeshinda nalo wiki nzima. Umeweka picha mbili pamoja, moja ya kinukta kinachong'aa kama nyota na nyingine ya mawingu mawili makubwa kama mbawa, ukauliza ninathubutuje kusema hivyo ni kitu cha aina moja. Nitakujibu kwa furaha, maana katika mambo yote ya anga hakuna linalonigusa kama hili.

Ile yenye mbawa ni Cygnus A, galaksi ya redio, yaani galaksi inayotoa mawimbi ya redio kwa nguvu, iliyo umbali wa kiasi cha miaka nuru milioni 750 (mwaka nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Mwaka 1953 Roger Jennison na Mrinal Das Gupta, waliokuwa Jodrell Bank kule Uingereza, waligundua kwamba redio yake haitoki sehemu moja bali mbili, huku na huku. Mwaka uliofuata Walter Baade na Rudolph Minkowski wakaeleza kuhusu galaksi iliyoketi katikati. Toka ncha ya wingu moja hadi ncha ya jingine ni zaidi ya miaka nuru laki nne, na galaksi yetu sisi upana wake ni kiasi cha laki moja tu! Sasa itazame picha kwa karibu. Utaona uzi mwembamba mno ukitoka katikati, umenyooka kama umepigwa rula, ukienda kuishia kwenye doa kali ukingoni mwa wingu. Huo ni mkondo wa chembechembe zinazokimbia karibu na mwendo wa nuru. Pale kwenye doa ndipo unapogonga gesi iliyoko nje ya galaksi na kupasuka. Elektroni zake huzunguka kwenye uga wa sumaku, na mzunguko huo ndio unaotoa redio.

Kile kinukta ni 3C 273, kitu cha aina tunayoiita kwasa. Mwaka 1962 Mwezi ulipita mbele yake, na Cyril Hazard na wenzake, wakitumia darubini ya redio ya Parkes huko Australia, wakapima ni wakati gani hasa redio yake inakatika na inarudi. Kwa njia hiyo wakajua mahali pake barabara. Maarten Schmidt akachukua spektra, yaani nuru iliyotawanywa katika rangi zake, ya "nyota" iliyokuwepo hapo, na mwaka 1963 akatambua kwamba mistari yake ya ajabu ni ya haidrojeni, ila imesogea kuelekea wekundu kwa asilimia 16, ishara ya kitu kinachotukimbia na kilicho mbali sana. Basi haikuwa nyota kabisa. Ilikuwa mbali zaidi ya miaka nuru bilioni mbili, na bado iling'aa kuishinda galaksi nzima. Kinachoiwasha ni gesi inayochemka ikizunguka shimo jeusi, kitu kizito mno ambacho hata nuru haitoki ndani yake, kabla ya kumezwa.

Haya, sasa undugu wao. Fikiria shimo hilo na gesi yake inayowaka, limezungukwa na ukuta mnene wa vumbi wenye umbo la pete. Mikondo hutokea juu na chini, kupitia tundu la pete. Ukitazama kupitia tunduni, unaona moto wenyewe na unasema, hii ni kwasa. Ukitazama kwa ubavuni, vumbi limeuziba moto, unabaki na galaksi na mbawa zake za redio. Vumbi haliwezi kuzuia redio.

Mwaka 1989 Peter Barthel alilipima wazo hili kwa kuhesabu. Alichukua galaksi za redio zenye nguvu na kwasa zilizo katika umbali wa aina moja. Ikiwa zimeelekea kila upande bila mpango, na tundu linafunguka nyuzi 45 kutoka kwenye mstari wa mikondo, basi kati ya mia tutaona kama 30 tu kupitia tunduni na 70 kwa ubavuni. Na hesabu ilikuja karibu hivyo. Tena mbawa za kwasa zilionekana fupi zaidi, jambo la kutarajiwa, maana kitu kirefu kikikuelekea huonekana kifupi.

Lakini kwangu mimi ushahidi mtamu ni mwingine. Umewahi kuketi ukumbini, taa ikiwa inawaka chumba cha pili usichokiona, ila mwanga wake umeangukia ukuta wa mbele yako? Ndivyo ilivyo. Nuru ya moto uliofichwa hutoka tunduni, hugonga gesi na vumbi la juu, kisha baadhi yake hurushwa kwetu. Nuru iliyorushwa hivyo mitetemo yake huelemea upande mmoja, kwa hiyo inaweza kuchujwa. Robert Antonucci alianza kuona hivyo kwenye galaksi ya redio 3C 234 mwaka 1984, na mwaka 1997 darubini ya Keck huko Hawaii ikaipata nuru ya namna hiyo kwenye Cygnus A yenyewe: mstari mpana wa haidrojeni, ule ule wa kwasa. Siku niliyoielewa spektra ile sikulala mapema.

Usilichukue hili kwa kila galaksi ya redio, tafadhali. Bernard Fanaroff na Julia Riley walionyesha mwaka 1974 kwamba zile dhaifu hung'aa karibu na katikati na kufifia ukingoni, na hizo nyingi hazina kwasa ndani. Na kwasa zenye redio kali ni kama moja tu kati ya kumi. Undugu ninaousema ni wa zile zenye nguvu, zenye madoa makali kwenye ncha.

Irudie ile picha ya Cygnus A. Weka kidole pale uzi unapoanzia, kwenye kinukta kidogo katikati ya mbawa. Aliyeko mbali sana upande unaoelekewa na uzi huo anaiona kwasa.

Niandikie ukishaitazama.

Wako akupendaye,
Salum