Mwanangu, ulienda kuiona hiyo nyumba siku ya mvua?

Mwanangu,

Picha zako za hiyo nyumba ya kupanga huko Bwaise, Kampala, zimefika, zote nne, na ile ya mlango nimeivuta ikawa kubwa mpaka macho yakaniuma. Rangi nzuri. Lakini mbona wamepaka upya chini tu, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti, na juu wakaacha ile ya zamani? Na hapo mlangoni naona wamejenga kaukuta ka matofali, mtu lazima aruke ndio aingie. Huo sio urembo, mama. Broka alikuambia ni wa nini? Ulienda siku gani, jua linawaka ama mvua imetoka kunyesha?

Najua utasema vyumba viwili kwa laki moja na nusu ntapata wapi tena, na mpaka kazini Wandegeya natembea kwa miguu. Sawa. Sasa jiulize kwa nini Bwaise ni bei hiyo. Maji ya Mulago, ya Makerere, ya Kawempe, yote yanateremka hapo yakitafuta kinamasi cha Lubigi, na kinamasi chenyewe watu wamejaza udongo wamejenga, mitaro nayo imejaa buveera, hiyo mifuko ya plastiki, sasa maji yaende wapi kama sio chini ya kitanda chako?

Rudi huko mvua ikinyesha, na usiende na broka, huyo anataka pesa yake tu. Tafuta mama anayepika chapati karibu na hiyo nyumba, nunua mbili, kaa. Usimuulize kama panafurika, atakuambia hapana maana mwenye nyumba ni jirani yake. Muulize mwaka jana walipandisha godoro juu ya meza mara ngapi. Halafu angalia choo, kama unapanda ngazi ndio uingie chooni basi jibu unalo.

Na Yaka, huo umeme wa kulipia kabla, uulize, mita ni yako peke yako ama mnachangia milango sita, maana mwenye pasi na friji hajawahi kukubali kwamba ndiye anamaliza umeme.

Mjomba wako anasema nakusumbua bure, eti kuna sheria ya 2022, mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka na lazima akupe notisi ya siku 90. Vizuri. Sheria itakubebea godoro saa nane usiku? Ushalipa miezi mitatu ndio unaniuliza mimi naonaje! Ama bado? Hapo kwenye meseji yako hukusema wazi na mimi nimeona.

Kireka kwa shangazi yako ungekaa bure, najua. Ile laki mbili yake ya Ramadhani nitairudisha, nimesema nitairudisha, sio lazima kila mtu hapa Arua ajue.

Jaribu Kanyanya, huko juu kilimani. Elfu hamsini ikizidi nitaongezea mimi miezi ya kwanza, usiulize natoa wapi. Hapa sokoni wote wanajua una kazi ya kliniki, mpaka yule muuza mukene, wale dagaa, ambaye hatusalimiani amekuja kuniuliza kama unaweza kumtafutia binti yake nafasi. Nimemwambia nitaona. Nilifurahi sana, Mungu anisamehe.

Nyanya yako goti bado linamsumbua, anataka ile dawa ya kupaka ya kijani, sio ile nyekundu ulileta. Mbuzi amezaa wawili, mmoja hanyonyi vizuri. Mdogo wako ameharibu redio, anasema aliikuta hivyo. Samaki kutoka Panyimur wamepanda bei tena na wateja wanafikiri ni mimi.

Godoro nimelifunga na turubai pamoja na sufuria mbili, liko hapa mlangoni tayari kwa basi. Silitumi mpaka uniambie huo ukuta wa mlangoni ni wa nini.

Mama yako