Barua ya malalamiko: mmebadilisha kichwa cha risasi, boksi mkaliacha vilevile

Ilemela,
Mwanza.
19 Agosti 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Uagizaji wa Risasi za Uwindaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUBADILISHWA KWA RISASI ZA .300 WINCHESTER MAGNUM, GRENI 180, BILA KUWAARIFU WANUNUZI

Tafadhali husika na somo lililotajwa hapo juu.

Mimi ni mwindaji bingwa. Makazi yangu ni Mwanza, na msimu wa uwindaji ukifunguliwa Julai huwa naongoza wageni katika Pori la Akiba la Maswa, upande wa kusini magharibi mwa Serengeti. Bunduki tunazowaazima wageni wasiokuja na zao ni za kaliba .300 Winchester Magnum, kaliba ambayo viwanda vingi duniani vimekuwa vikiitengenezea risasi tangu mwaka 1963. Kwa nyati hatuna mjadala, hapo sheria inataka kaliba ya .375 au zaidi. Lakini kwa kongoni, nyamera, pundamilia na swala, risasi yenu ya greni 180, yaani gramu 11.7 hivi, ndiyo tuliyoiamini kwa misimu kadhaa. Ilikuwa risasi nzuri. Ndiyo maana naandika kwa uchungu.

Mwezi uliopita mgeni wetu alimpiga kongoni dume kwenye umbali wa mita 90 hivi, ubavu ukiwa wazi kabisa kwetu. Risasi ilimpata begani, pale pale tulipokubaliana. Mnyama aliyumba, akakimbia na kundi. Kwa risasi ya zamani huyo angeanguka ndani ya hatua chache. Tulimfuata kwenye vichaka vya migunga hadi giza likaingia, na usiku sheria hairuhusu kuwinda. Alfajiri msoma nyayo wetu aliushika tena mkondo wa damu, tukamkuta amelala chini ya mti, bado yu hai, mguu wa mbele umening'inia. Nikammaliza mwenyewe. Mnyama alikaa usiku mzima katika maumivu yale, kwenye pori lenye fisi na simba, na hilo siwezi kulipita kwa haraka hata kama nyinyi mtalipita.

Tulipomchuna tuliona sababu. Jeraha lilikuwa pana kama kiganja, lakini fupi. Mfupa wa bega ulikuwa umepasuka vipande, nyama yote ya bega imeharibika, ila mbavu hazikutobolewa na mapafu yalikuwa mazima. Chini ya ngozi tuliokota gamba la shaba tupu, limechanika, na madini ya risasi yaliyokuwa ndani yake yametawanyika kama changarawe. Gamba hilo halifikii hata nusu ya uzito wa kichwa kizima, yaani ile sehemu ya risasi inayoruka hadi kwa mnyama. Vichwa vya zamani tulivyokuwa tukivitoa kwa wanyama vilikuwa vimepanuka mbele, nyuma vikabaki imara, na kwenye mizani vilibakiza zaidi ya robo tatu ya uzito wao.

Niliporudi Mwanza nilichukua boksi la zamani lililokuwa limebaki na boksi jipya, nikaviweka sambamba mezani. Picha ni ile ile, rangi ni ile ile, namba ya bidhaa ni ile ile, na maneno ni yale yale: "kwa wanyama wakubwa, masafa yote". Kinachotofautiana ni namba ya toleo tu, iliyopigwa muhuri mdogo kwenye mkunjo wa ndani. Hata ncha ya plastiki ina rangi ile ile. Nikampelekea fundi bunduki mwenye leseni, akavivua vichwa na kuvikata katikati kwa urefu. Hapo ndipo mambo yalipojidhihirisha. Kile cha zamani gamba lake ni nene, na limeunganishwa na kiini cha madini ya risasi mpaka vimekuwa kitu kimoja. Kipya ni kirefu zaidi, kimechongoka zaidi, gamba lake mbele ni jembamba sana, na kiini kimekaa ndani bila kushikiliwa na chochote.

Tulivijaribu pia uwanja wa shabaha, kwa madumu ya maji yaliyopangwa mstari mmoja. Cha zamani kilipita dumu baada ya dumu na kuokotwa kikiwa kimoja. Kipya kililipasua dumu la kwanza vibaya mno, na kilichofika la pili ni makapi. Isitoshe, kwenye mita 100 risasi mpya zinapiga juu na kushoto ya pale zinapopiga za zamani, kwa bunduki ile ile na darubini ile ile bila kuigusa. Mtu aliyelenga bunduki yake kwa boksi la mwaka jana akaingia porini na boksi la mwaka huu tayari amepotezwa kabla hajavuta kifyatulio.

Barua pepe mliyonijibu ilikuwa na mistari michache tu, ikisema tatizo ni "mahali risasi ilipompata mnyama". Ndugu Meneja, risasi ilimpata begani. Bega la kongoni ndipo mahali ambapo kila mwindaji hufundishwa kupiga, kwa sababu nyuma yake kuna moyo na mapafu. Kongoni dume hufika kilo 150 hivi, si tembo. Kichwa cha greni 180 kisichoweza kupita bega lake kwenye mita 90 hakifai kuuzwa kwa maneno "masafa yote".

Najua kwa nini kiwanda kimefanya mabadiliko haya, na sikatai kwamba kuna wanaoyahitaji. Soko la dunia sasa linapenda masafa marefu. Risasi inayofika mita 500 imebaki na mwendo wa mita 600 na kitu kwa sekunde, na ikienda mbali zaidi hupungua zaidi. Gamba nene kwa mwendo mdogo hivyo linaweza kugoma kufunguka, risasi ikapita kama msumari na mnyama akaondoka na tundu dogo. Kwa hiyo gamba linafanywa jembamba lifunguke hata kwa mwendo mdogo, na umbo linarefushwa lipenye hewa vizuri. Kwa anayepiga ng'ambo ya bonde huko milimani, hiyo ina maana. Lakini kichwa hicho hicho kikikutana na mfupa kwenye mita 90, kikiwa na mwendo wa zaidi ya mita 800 kwa sekunde, kinapasuka juu juu. Maswa ni vichaka. Nafasi tunazopata mara nyingi ni chini ya mita 150, na binafsi simruhusu mgeni kupiga zaidi ya mita 300, awe hodari namna gani, maana upepo wa huku haukai mahali pamoja. Kuchagua kichwa cha risasi ni kuchagua mwendo ambao kitakutana nao kwenye mnyama. Chaguo hilo tulilifanya sisi, kwa kujua, na nyinyi mkalibadilisha kimyakimya.

Jedwali lililo nyuma ya boksi nalo halitusaidii. Limepigwa hesabu kwa usawa wa bahari na nyuzi joto 15, na halisemi mtutu uliotumika kupimia una urefu gani. Sisi hapa ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mchana joto hufika nyuzi 27 au 28. Hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko hiyo ya kwenye jedwali, kwa hiyo risasi inafika kwa mnyama ikiwa na kasi zaidi ya mlivyoandika, na kichwa laini kinaumia zaidi. Namba ya kupenya hewa mmeitoa kwa kipimo cha G1 peke yake, ambacho msingi wake ni risasi fupi yenye kitako bapa. Kwa kichwa kirefu chenye kitako kilichosinyaa kama hiki, kipimo cha G7 ndicho kinachokaribia ukweli. Namba ya G1 inaonekana kubwa na inapendeza kwenye tangazo, lakini anayeitumia kukokotoa masafa marefu itampotosha.

Labda mtaniambia nitafute risasi ya kunifaa. Marekani na Afrika Kusini wawindaji wengi hujijazia wenyewe: wananunua ganda, fataki (kiwashio cha baruti), baruti na kichwa, kila kimoja peke yake, wanapima baruti kwa mizani, wanaamua kichwa kikae kwa kina gani ndani ya ganda ili kiendane na mtutu wao, na wanaandika kila kitu daftarini. Kikibadilika kitu wanajua, kwa sababu kimepita mikononi mwao. Hapa kwetu, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mwindaji wa kawaida hawezi kujitengenezea risasi nyumbani, na hata hizi za dukani tunazinunua kwa kibali. Silalamikii sheria hiyo. Ninachosema ni kwamba maandishi ya boksi lenu ndiyo daftari letu. Hatuna lingine. Mwenye duka la dawa akibadilisha vidonge na kuacha boksi lile lile, hakuna atakayemwambia mgonjwa kwamba alimeza vibaya.

Ada ya kongoni yule imelipwa, kama inavyolipwa kwa kila mnyama aliyejeruhiwa hata asipopatikana, na hilo sidai. Naomba mabadilishano ya maboksi yote ya toleo jipya tuliyonayo kwa yale ya kichwa cha zamani, au fedha zetu zirudishwe, na gharama za usafirishaji ziwe juu yenu kwa kufuata taratibu za polisi. Naomba pia wauzaji wenu wote wa Kanda ya Ziwa wapewe taarifa ya maandishi sasa hivi, wala si msimu ukishafungwa, ili anayenunua kesho aambiwe dukani kwamba toleo hili si risasi ile aliyoizoea. Kiwanda kikitaka kuendelea na kichwa hiki, kipewe jina lake na boksi lake, na juu yake kiandikwe mwendo wa chini na wa juu ambao kimetengenezewa, urefu wa mtutu wa kupimia, na namba za G1 na G7 zote mbili. Maneno "masafa yote" yaondolewe.

Vipande tulivyovitoa kwenye bega la kongoni, vichwa vilivyokatwa, picha na maboksi yote mawili ninavyo, na mtaalamu wenu anakaribishwa Mwanza kuvikagua. Tuna wageni wengine mwanzoni mwa Septemba. Kama sitapata jibu lenye hatua ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi.

Wako katika kazi,

(Sahihi)
Mwindaji bingwa, Mwanza