Msiukate mkungu, majani si taka

Mhariri, asalaam aleikum.

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana nikilisema hili nyumbani wananicheka, ati bibi sasa anagombea mti.

Jumamosi iliyopita nilimchukua mjukuu wangu, miaka miwili bado haijatimia, tukaenda kwenye bustani moja ya hapa mjini, jina nalihifadhi sitaki ugomvi na mtu. Vuli hii unaijua, mvua inapiga alfajiri, ikifika saa tatu jua kali kama haijanyesha, na kwenye nyumba zetu hizi za ghorofa mtoto anakuwa kama kuku wa kufungiwa, kwa hiyo tukatoka mapema na pampasi mbili, chupa ya maji na kipande cha mkate wa kumimina, basi.

Nilianza vibaya, nakiri. Nilimpeleka kwenye lile puto la kurukia nikatoa elfu mbili, kuingia tu kalia mpaka kamasi, watoto wakubwa wanaruka wanamwangukia, nikamtoa na pesa ndo imeshakwenda. Tukenda zetu kukaa chini ya mkungu, ule mti wa makungu. Mkungu ule ulikuwa unapukutisha, na jani la mkungu halidondoki hivi hivi, linageuka jekundu kwanza, mengine manjano, mengine rangi ya samli, kubwa kuliko uso wa mtoto. Wallahi saa nzima sikumsikia akilia. Analiokota, ananipa, "bibi shika", anakwenda kuleta jengine, mara kalivaa kichwani mara anajipepea. Kungu likianguka pu! anashtuka halafu anacheka. Nikamgongea moja kwa jiwe nikamuonesha kokwa, kama tulivyokuwa tukifanya sie tukitoka chuo cha Kurani.

Mwanangu wa pili yuko Uingereza na kila ikifika Oktoba ananitumia video ya mwanawe kwenye paki ya London anazama kwenye majani makavu mpaka magotini. Kule baridi inakaribia na mchana unakuwa mfupi, mti unaacha kutengeneza ile rangi ya kijani, basi umanjano uliokuwa umejificha ndani ya jani unaonekana, halafu yanaanguka yote. Vitabu vya skuli vinayaita majira hayo vuli, na mie nacheka, maana vuli yetu ni mvua na madimbwi. Lakini nikamrekodi na mie mjukuu wangu chini ya mkungu nikamtumia, nikamwambia tazama, na sie tunayo yetu.

Sasa ndo akaja kijana wa kufagia, na fagio lake la chelewa, mpole tu, akaniambia bibi mcheze sana leo maana mti huu utakatwa. Kwa nini? Majani yanaziba mtaro, mvua ikinyesha maji yanajaa njiani.

Mhariri, mtaro ule nimeusogelea nikauchungulia. Hauna mfuniko! Mtoto wa miaka miwili akiteleza anaingia mzima, na ndani mna chupa za plastiki na mifuko na vikombe vya juisi kuliko majani. Tieni wavu wa chuma juu, jani halitaingia wala mtoto hataingia. Majani yenyewe yakusanywe yarundikwe kwenye mashina ya yale maua yanayokauka, huko shamba tunafanya hivyo siku zote na hakuna aliyelipwa ushauri.

Na kivuli mtakitoa wapi? Mkungu matawi yake yanalala, dari juu ya dari, familia tatu zinakaa chini yake. Miavuli ile ya matangazo ya soda kinachopata kivuli ni meza. Forodhani, bustani ya tangu 1936 na ikatengenezwa upya ikafunguliwa 2009, nenda saa saba mchana kabla ya mishkaki na urojo, uone watu wamekaa wapi. Na Mtini, ule mti mkubwa pale Mizingani, ulipandwa 1911 na Sayyid Khalifa aliyekuwa sultani wetu, mpaka leo mabaharia wanaupumzikia. Huo nao unadondosha majani, sijasikia mtu kuuletea shoka.

Ninachoomba ni kwamba anayehusika aende pale mchana na mtoto mdogo, si usiku na wageni, akae nusu saa halafu ndo aseme akate au asikate. Na bomba la maji nalo, nilimnawisha mikono kwa maji ya kunywa.

Sie Jumamosi inshallah tutarudi. Jani lake la siku ile liko juu ya friji, limekauka limejikunja kama sambusa, na ukiligusa analia.

Bibi wa Kikwajuni,
Unguja