Wageni wafundishwe "fine" yote

Mhariri,

Mimi ni mkalimani wa Wakongomani hapa Louisville, Kentucky. Nawaomba walimu wa Kiingereza wasiishie kusema "fine" ni "nzuri". Mama mmoja, mkono umeshika tumbo, aliulizwa hali na nesi akajibu "I'm fine", kama sisi tunavyojibu "nzuri" hata tukiwa hoi. Nesi akaandika kwamba hana maumivu! Niliumia sana. Ukikaribishwa chai ukajibu hivyohivyo, umekataa, na hakuna atakayekubembeleza. Tena "fine" ya ile karatasi ya kosa la kuegesha inayobandikwa kwenye kioo cha gari ni faini kweli, lipeni kabla ya tarehe iliyoandikwa. Lakini kwanza kabisa wafundisheni mama zetu kusema "It hurts here", yaani "Panauma hapa". Salamu zitafuata.

Mkalimani,
Louisville, Marekani