Shukrani kwa mzee wa pale gatini, Lamu

Mzee wangu, shikamoo popote ulipo. Jina hukunipa, nami sikuling'ang'ania.

Riwaya yangu ya vijana wa Lamu wanaopinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe imekamilika, na sura ya mikoko ni yako. Ndiwe uliyenieleza mbegu ya mkoko huchomekwa tu topeni maji yakipwa, na kwa nini wavuvi walihofia maji ya moto ya mtambo kuliko moshi wake. Uamuzi wa Juni 2019 uliofuta leseni ya mtambo huo ningeusoma magazetini. Hayo yako ningeyapata wapi? Na hata kahawa ulinilipia wewe (wazee wa Lamu, jamani!).

Nakala yako iko kwa muuza kahawa. Mwambie ni ile ya mikoko. Ahsante sana.