Kwa vijana wanaotaka kuwatuza watu wa mnazi

Wanangu wa kamati,

Nimesikia mnaandaa siku ya kuwatuza walioinua biashara ya mnazi, yaani tembo linalogemwa mtini, hapa Mombasa. Nimefurahi sana. Nimeuza mnazi Kisauni miaka 31, nikasomesha watoto wanne, na muda wote huo sijamwona mtu akisimama mbele za watu kuishukuru kazi hii. Lakini orodha yenu, aliyoniletea mjukuu wangu, imeniumiza. Wamo wenye mashamba, wamo wenye mangwe makubwa, yaani vilabu vya kunywea mnazi, wamo waheshimiwa wawili. Mgema hayumo hata mmoja.

Mgema wangu alikuwa mtu wa Kaloleni. Siku moja nilimfuata shambani. Alipanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni, kibuyu begani, bila kamba. Kule juu akashika karara, lile ganda linalofunika maua ya mnazi, ambalo halijapasuka, lililofungwa kwa ukuti lisifunguke, akalikata ncha kipande chembamba kama ganda la kitunguu, kisha akalirudisha mdomoni mwa kibuyu. Tone, tone. Jioni akapanda tena miti ileile. Akikata kinene, karara linaisha kabla ya wakati wake. Asipokata, ncha inakauka na tembo linakatika. Kwa hiyo hana sikukuu, wala hana kisingizio cha mvua.

Na ni mvua iliyomwangusha. Vidato vilikuwa vimelowa, mguu ukateleza. Aliishi miaka sita mkekani. Mwenye shamba alisema yule si mfanyakazi wake, ni mtu wa kugawana naye tembo tu, na hapo maneno yakaisha. Nilikuwa nikimpelekea unga, na kila nikifika aliniuliza kwanza kama mnazi wa siku hizi ni mzuri.

Mtanikumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimeisikia methali hiyo kwa wateja tangu nianze kuuza, na kwa huyu ninakataa. Tembo la asubuhi ni tamu, jioni limeshakuwa kali, kesho yake linaelekea kuwa siki. Anayebaki na mitungi ambayo haikununuliwa ndiye anayeshawishika kuongeza maji na sukari, na mtu huyo mara nyingi yuko njiani au mangweni kama mimi. Msimlaumu aliye juu ya mti.

Misitu ya kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008, na sote tulijivuna. Tembo linalomwagwa kule wakati wa tambiko limeteremshwa na mgema. Kadzama, tembo la mahari, vilevile. Hatuozeshi binti bila yeye, halafu tunamsahau.

Wapeni nafasi pia wanaobeba mitungi kutoka Mazeras na Mariakani kabla ya alfajiri, na akina mama waliovumilia miaka ambayo mali yetu ilimwagwa barabarani mbele ya macho yetu. Sheria ya vileo ya 2010 ilibadilisha mengi, lakini waliopigania heshima ya kazi hii walianza zamani kuliko hapo.

Jambo moja nawaomba kwa dhati. Mji huu una jirani zetu Waislamu, ambao wametuvumilia kwa ustaarabu. Msiweke jukwaa karibu na msikiti, msichague Ramadhani, na watoto wasionjeshwe. Semeni pia wazi kuhusu ulevi. Zipo nyumba zilizovunjika kwa kinywaji nilichokiuza mimi, na nimewahi kuwaambia waume fulani warudi kwao na pesa zao mfukoni. Anayeuza bila kulifikiria hilo msimtuze.

Vyeti vya fremu acheni. Mnunulieni kila mgema kamba imara na mkanda wa kujifungia mtini, mumlipie bima ya afya ya mwaka mzima, na mumwite jukwaani kwa jina lake kamili, la baba na la ukoo.

Nina daftari la zamani lenye majina ya wagema 11 niliowanunulia. Watatu bado wako hai na mmoja angali anapanda. Njoni Jumamosi baada ya adhuhuri, mje na kalamu, kwa sababu wino wangu umefifia na baadhi ya majina nitawasomea mimi mwenyewe.

Nyanya yenu,
Kisauni