Wanaolala barazani wanahitaji barua kuliko sarafu

Mhariri,

Kila Ijumaa wenye maduka wengi wa Mtwara mjini huweka kando sarafu za mia na mia mbili, na wenye shida hupita mmoja mmoja kuchukua. Ni desturi njema, wala hatuipingi. Lakini usiku ukiingia watu walewale hutandika maboksi na salfeti kwenye baraza za maduka hayohayo, na alfajiri wengine huamshwa kwa ndoo ya maji. Tumewazoea kiasi kwamba tunawaruka kama tunavyoruka mtaro. Sisi ni wajitolea tunaoshughulika na watu hawa Mtwara na Lindi, na tunaomba nafasi tueleze msaada gani unafika na upi unapotea njiani.

Kwanza ujue uliyemwona ni nani. Wapo vibarua waliokuja msimu wa korosho kuanzia Oktoba, wakabeba magunia, kisha wakaugua au wakadhulumiwa ujira. Huyo shida yake ni nauli. Mkatie tiketi mwenyewe, mkabidhi kwa kondakta, imekwisha. Wapo pia wagonjwa walioruhusiwa hospitali bila ndugu wa kuwapokea. Hospitali za rufaa za mkoa, Ligula kwetu na Sokoine kule Lindi, zina maofisa ustawi wa jamii, na muda wa kuwaona ni wakati mgonjwa bado yuko wodini. Akishatoka getini, faili limefungwa na kila kitu kinaanza upya.

Hao ni wepesi. Kazi iko kwa wenye maradhi ya akili, wazee na watoto.

Mgonjwa wa akili anayezunguka sokoni mara nyingi si kwamba hajawahi kutibiwa. Alitibiwa, akapata nafuu, akaacha dawa. Vidonge vya kila siku havimfai mtu asiye na mahali pa kuvitunza: vinalowa, vinaibwa, au anavimeza vyote kwa mkupuo. Ipo sindano ya muda mrefu, ambayo kwa kawaida huchomwa kila baada ya wiki nne hivi, na kliniki ya afya ya akili ndiyo inayoamua kama inamfaa. Sindano nayo inaharibika kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtu akitulia, akioga na kuanza kusalimia watu, wote tunasahau tarehe. Baada ya miezi miwili tunashangaa amerudi kutupa mawe. Ya pili ni madhara ya dawa: anakakamaa shingo, mikono inatetemeka, analala fofofo mpaka anaibiwa viatu. Watu husema "dawa inamuua" na kumshauri aache. Asiache, arudishwe kliniki, kwa sababu madhara hayo yana dawa yake na dozi hupunguzwa. Anayemfaa zaidi kuliko daktari ni yule anayemwona kila siku, mama lishe au mlinzi wa duka. Huyo aandike tarehe ya sindano kwenye kalenda ya ukutani, na siku hiyo ampe chai kabla hajaondoka kwenda hospitali. Mwenye njaa hasubiri foleni.

Jambo dogo linaloangusha wengi ni upele. Watu wananunua dawa ya kupaka, BBE, wanampaka pale anapojikuna tu, kisha anavaa shati lilelile. Wiki haijaisha upele umerudi. Aoge kwanza, ajikaushe, apakwe kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole na kwenye makunyanzi yote, kwa siku ambazo mfamasia ameelekeza. Nguo na shuka zichemshwe, au zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki wiki nzima bila kuguswa. Na wote wanaolala naye baraza moja wapakwe siku hiyohiyo, hata asiyejikuna. Kikohozi kinachozidi wiki mbili hakingojewi: apelekwe kupimwa kifua kikuu. Vipimo na dawa zake ni bure, na dozi ya kawaida ni miezi sita, kwa hiyo hapa tena anahitajika mtu wa kumkumbusha.

Sasa ile barua. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inatambua matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza. Mzee anayelala stendi akifika dirishani anaulizwa barua ya serikali ya mtaa. Akienda mtaani anaambiwa si mkazi. Akirudi hospitali, hana barua. Mzunguko huo umewakatisha tamaa wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Mtendaji anaogopa kumthibitisha mtu asiyemjua, na tunamwelewa. Basi asimthibitishe ukazi. Aandike tu kwamba mtu huyu anaonekana katika mtaa huu tangu mwezi fulani, analala mahali fulani, na hana ndugu anayejulikana hapa. Agonge muhuri, na nakala aipeleke kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata. Mistari mitatu. Tunaiomba Manispaa ya Mtwara-Mikindani na wenzao wa Lindi watoe mfano wa barua hiyo kwa watendaji wote, ili kila mmoja asibaki na woga wake.

Kwa watoto, pesa mkononi usiwape. Mtoto anayeokota chupa au kubeba mizigo kule Feri akipata elfu moja, jioni inachukuliwa na wakubwa wake, na asipokuwa nayo anapigwa. Chakula akile mbele yako. Wala usimchukue akalale nyumbani kwako, hata kwa huruma. Usalama wake na wako unakutaka uende serikali ya mtaa, ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi siku hiyohiyo. Simu ya 116, ya kutoa taarifa za watoto, ni bure. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kuwa haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa, kwa hiyo hapo huombi fadhila.

Kumtafutia ndugu kuna ujuzi wake. Ukimuuliza kijiji atakutajia cha uongo, kwa kuwa anaogopa kurudishwa kwenye kipigo. Muulize nani alikuwa anampikia, mwalimu wake wa darasa aliitwaje, walikuwa wanateka maji wapi. Na huku kwetu kusini, kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, usiishie kwa baba. Muulize mjomba wake. Ukoo unafuata upande wa mama, na mara nyingi mjomba ndiye mwenye neno kuhusu mtoto, hata kama baba yupo Newala ameoa tena. Tumeona waandika ripoti wakiandika "hana ndugu" wakati mjomba yupo Nachingwea anauza mihogo.

Ndugu akishapatikana, ijulikane kwanza mtoto alitoroka nini. Akipandishwa basi peke yake, anashuka kituo cha pili. Asindikizwe, akabidhiwe kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na mtu apige simu baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi, angalau muhula mmoja. Ada ya shule imefutwa tangu 2016, lakini sare na madaftari havijafutwa. Sadaka ya Ijumaa moja ya mtaa mzima wa maduka, ikikusanywa pamoja, inaweza kuvilipia.

Kuhusu kuwafagia wanaolala barazani kwa mgambo msafara wa kiongozi unapokaribia, tuseme kwa kifupi. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha hapahapa nchini, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika. Zaidi ya hapo, kuwafagia kunavuruga matibabu: mtu akihamishwa kutoka baraza aliyozoeleka, hakuna tena anayejua tarehe yake ya sindano.

Anayetaka kuanza, achague mtu mmoja anayempita kila siku. Amsalimie kwa siku kadhaa bila kumpiga picha, amjue jina, ndipo aende ofisi ya mtaa. Na aende asubuhi, kabla mtendaji hajatoka kwenda vikaoni.

Wajitolea wa huduma za jamii,
Mtwara